Fundi Cheche, Aliyeweka Akiba ya Gesi na ya Kinyongo

Ndugu, jamaa na majirani, wasifu huu nausoma mimi, mtoto wa mdogo wake, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo. Aliniambia, "Usinipake asali. Wanaonijua watacheka."

Shangazi yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Cheche, alizaliwa tarehe 9 Juni 1959 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Baba yao alikuwa fundi baiskeli, mama yao mshona nguo. Baada yake alizaliwa mmoja tu, wa kiume, naye ndiye baba yangu. Shangazi alimbeba mgongoni mama yao alipokuwa kwenye cherehani, na hata baba yangu alipoota ndevu bado alimfungia chakula cha kazini.

Alisoma shule ya msingi ya pale pale stesheni, kisha mwaka 1975 akajiunga na chuo cha ufundi, msichana peke yake katika darasa la kuchomelea. Mwalimu alimwelekeza kuwa darasa la ushonaji liko ng'ambo ya uwanja. Akajibu, "Ushonaji nimeuacha nyumbani, mwalimu. Hapa nimefuata chuma." Alihitimu 1977, akamfundisha baba yangu kazi hiyo hiyo uani kwao.

Wote wawili waliajiriwa katika kiwanda cha matangi ya maziwa cha mtu ambaye hapa nitamwita Bosi, kama marehemu alivyomwita hadi mwisho, bila heshima yoyote. Hapo ndipo alipokutana na mumewe, dereva wa lori la mitungi ya gesi. Shangazi alikuwa akipaka kila mtungi povu la sabuni, na unaovuja anaurudisha. Basi kijana wa watu akawa kila akija ana mtungi mmoja unaovuja. Shangazi akamuuliza, "Wewe ni mzembe au una neno?" Akasema ana neno. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1983, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 3 Februari 1994 baba yangu alitumwa aingie ndani ya tangi kumalizia mshono. Tangi lilikuwa limejazwa agoni, gesi inayofukuza hewa ili chuma cha stenlesi kisiungue kinapochomelewa. Haina rangi wala harufu, na ni nzito, hutulia chini kama maji kisimani. Hakuna aliyepima hewa, hakuna aliyesimama mlangoni mwa tangi. Kazi ilikuwa ya haraka, alisema Bosi. Baba alitolewa amekwisha kufa. Bosi akawaambia wapelelezi kwamba marehemu alikuwa amelewa, na kwa neno hilo kesi ikafa. Baba yangu hakuwahi kuonja pombe. Nilikuwa darasa la pili, na shuleni waliniita mtoto wa mlevi.

Shangazi hakupiga kelele. Aliacha kazi, akafungua karakana yake ng'ambo ya barabara, geti kwa geti na la Bosi. Watu walimwambia pale biashara haitakaa. Akasema, "Sijapachagua kwa biashara."

Miaka ikapita. Mwaka 2016, wakiwa mezani, mumewe alimwambia kwamba siku hizi agoni inagombaniwa: kuna kiwanda kipya cha madirisha ya vioo viwili, kuna cha paneli za jua, na vyote vinaitaka. Tena tanuru moja ya chuma imezimwa. Agoni hupatikana pale inapotengenezwa oksijeni ya tanuru hizo. Tanuru ikipoa, nayo hupungua, hata wanunuzi wakipanga foleni.

Shangazi aliacha kula. "Bosi ananunua wapi?"

"Kwetu tu. Tena haagizi mpaka akumbuke."

"Basi usimkumbushe."

Akaanza kujiandaa. Alifunga mikataba na wauzaji wawili, akasimamisha uani tangi kubwa la agoni ya kimiminika. Kila mpira wa gesi na kila koki vikapakwa povu. Mafundi wakafundishwa kufungua gesi kwa kiasi, na kazi za chuma cha kawaida zikahamia kwenye gesi ya mchanganyiko ili agoni tupu ibaki kwa stenlesi. Hakuna aliyeingia ndani ya tangi bila kipimo cha hewa shingoni na mwenzake mlangoni. Mwanawe wa kuzaa alipovunja sheria hiyo alifukuzwa kazi, na ilichukua machozi ya ukoo mzima kumrudisha. Bosi alikuwa akiegemea geti lake na kucheka: "Cheche anafuga gesi kama ng'ombe."

Mwaka 2019 agoni ikaadimika. Kiwanda cha Bosi kikanyamaza. Siku moja asubuhi akavuka barabara.

"Dada, sisi tumetoka mbali. Niazime mitungi kidogo."

"Ndugu yangu alikuwa amelewa?"

"Hayo yamepita."

"Nimekuuliza swali."

Bosi akatazama chini. "Hakuwa amelewa."

"Sema kwa sauti. Wale wa kule kwenye mashine hawajasikia."

"Hakuwa amelewa! Hatukupima hewa, nami nilijua."

"Ahsante," alisema Shangazi. "Sasa rudi kwako."

"Na gesi?"

"Sikukuahidi gesi."

Mafundi waliosikia walikwenda kutoa ushahidi, na jina la baba yangu likasafishwa mahakamani. Kiwanda cha Bosi kilifungwa mwaka uliofuata. Shangazi aliwachukua wafanyakazi wa Bosi aliowaweza. Wapo waliokosa nafasi, nao wana haki ya kumkasirikia. Mumewe alikuwa amemsihi ampe Bosi japo mitungi michache kwa ajili yao, akakataa. Hilo halikumpa usingizi mzuri, lakini hakulijutia.

Mwaka 2022 alianza kuugua mapafu. Mumewe alimwomba asamehe. Akasema, "Nimejaribu. Haishiki." Siku zake za mwisho aliniuliza, "Yule bado anapumua?" Nikamwambia bado. "Mwache. Hewa ni tamu, aijue." Alifariki tarehe 21 Agosti 2024, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, wifi yake ambaye ni mama yangu, mimi, na mafundi waliosimama pale nyuma na nguo zao za kazi. Bosi ameleta shada la maua. Liko nje ya geti, na litabaki huko.

Mwenyezi Mungu amlaze Shangazi yetu katika amani yote, pamoja na ile iliyokuwa fungu la Bosi.