Resori Ngumu za Koko Berthe

BERTHE: Haloo? Ni nani pale?

KAKULE: Koko, ni miye, mujukuu wako Kakule. Wavukire, Koko.

BERTHE: Wavukire. Jirani yangu Tamar alikuja kuniambia leo asubuhi, nikitoka misa, kama mulitoka Beu, kule Beni, jana na masasi nyuma yenu. Tangu pale niko naangalia barabara. Gari iko wapi?

KAKULE: Iko ku mulima, Koko, mbele ya kufika Butembo. Tumelala mu gari. Mvua ilinyesha, udongo — [réseau inakata] — tairi za nyuma zinazunguka bure.

BERTHE: Na muke wako Ornella?

KAKULE: Uchungu ulimushika jana ku barrière. Basoda waliteremusha viazi vyako vyote. Gari iko bure, hapana muzigo hata kidogo.

BERTHE: Gari yenye inashinda zote ku njia ya Beni —

KAKULE: Inashinda zote kama imebeba. Bila muzigo inaruka sawa mbuzi.

BERTHE: Ni zile resori za chini ya gari.

KAKULE: Koko, hapana mutu anakulaumu.

BERTHE: Mekanisia Manassé alitupatia njia mbili. Resori laini na amortisseurs mupya za kupunguza kuruka, tairi zishike udongo hata gari ikiwa bure. Ao resori ngumu za camionnette, zibebe gunia kumi za viazi vya Musienene. Wewe ulitaka zile laini. Mimi nikamucheka Manassé. Nikasema, tangu lini gari ya Munande, mutu wa biashara, inatembea bure?

KAKULE: Koko, unités za simu zinabakia kidogo —

BERTHE: Jaza mawe mu coffre, kule nyuma.

KAKULE: Nilijaza. Ikapanda kidogo, ikateleza. Halafu kukapita mupasta mumoja, Esdras, mutu wa kilo mia. Nikamuomba akae juu ya mawe. Akacheka, akakaa. Gari ikashika, Koko. Ikapanda muzuri kabisa.

BERTHE: Donc?

KAKULE: Masasi ikalia ngambo ya kilima. Akaruka, akakimbia. Na uzito wake wote.

BERTHE: Bapasta hao. Padri angebakia.

KAKULE: Padri wetu ni mwembamba, Koko. Angesaidia nini?

BERTHE: Umemulalisha bibi yako wapi?

KAKULE: Ku kiti ya mbele, nimeiinamisha.

BERTHE: Umupeleke nyuma, juu ya tairi. Yeye na mutoto ni uzito.

KAKULE: Nilijaribu. Inashika. Mais resori ni ngumu, kila kuruka kunamupiga mu tumbo. Alilia mpaka nikazima moteri. Akaniambia niendelee, hatalia tena. Nikashindwa, Koko.

BERTHE: Kakule.

KAKULE: Ungemusikia —

BERTHE: Nimezaa mara tisa, najua analia namna gani. Umurudishe nyuma. Upande polepole, usikanyage sana. Miye nateremuka sasa hivi ku maternité, nitangojea na masista ku mulango.

KAKULE: Lakini sasa halii tena. Uchungu umetulia.

BERTHE: Tangu saa ngapi?

KAKULE: Tangu jua kutoka. Ni muzuri, hapana?

BERTHE: [anafungua mulango, anatoka]

KAKULE: Koko? Uko?

BERTHE: Niko. Uchungu hautulii hivi mbele ya kuzaa. Umuulize kama mutoto anacheza mu tumbo.

KAKULE: Ornella... Ornella, Koko anauliza kama mutoto — [réseau inakata] — anasema hajui. Anasema amechoka, tumuache kidogo.

BERTHE: Usimuache. Umusemeshe. Umuimbie hata wimbo ya kanisa, lakini usimu —

KAKULE: Anafumba macho.

BERTHE: Washa moteri, mwana wangu.

KAKULE: Ameshalala, Koko. Amenishika mukono kabisa. Na mukono hii ndiyo ya kubadilisha vitesse, sijui nitaitoa nam —

[unités zimeisha]