Weupe wa Mwanangu Haukuwa Weupe

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Sifa hizi zitoke hapa zifike mpaka kisiwani, kijiji cha Msuka, maana huko ndiko alikonitoa.

Mimi ni mwalimu, kwetu ni bara, Msuka nilipelekwa kufundisha. Nilipomzaa Neema, siku ya tatu uso wake ukaanza kung'aa. Nikasema, amemchukua bibi yake mzaa baba, yule ni mweupe kweli kweli! Ndugu zangu, nilijivuna. Chumba kilikuwa na pazia zito, nami sikumtoa nje. Mtoto akawa analala tu, halii, hata ziwa halitaki. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mtoto mtulivu. Kumbe mtoto anaondoka!

Jirani yangu Bi Time, mama wa Kiislamu, alikuwa anakuja na kichupa cha wanja. Kule mtoto mchanga hutiwa wanja machoni asipatwe na jicho baya. Nilimfukuza mara mbili. Nilimwambia huo ni ushirikina, nyumba hii ina Yesu. Nilisema kwa kiburi, jamani, hadi leo naona haya. Siku ya tano akarudi nikiwa naoga. Akamchukua Neema hadi mlangoni penye mwanga, akamfungua jicho amtie wanja. Nikasikia ukelele.

"Mwalimu! Njoo! Huu si weupe, ntoto yuna manjano! Hata macho!"

Nilitoka na kanga moja, nimekuja kwa hasira nimnyang'anye mtoto. Nikatazama. Jicho lilikuwa na rangi ya bizari!

Mume wangu akasimamisha gari lililobeba magunia ya karafuu, tukapanda sote, Bi Time amempakata mtoto. Hospitalini nesi alimbonyeza Neema puani. Alipoachia kidole, pakabaki njano tupu. Akatueleza kwamba vipele vyekundu na vidoa vidogo vyeupe usoni mwa mtoto mchanga mara nyingi huisha vyenyewe. Lakini manjano iliyoshuka hadi kifuani, na mtoto hanyonyi, haisubiriwi hata siku moja, huweza kuharibu ubongo. Neema akalazwa chini ya taa ya buluu. Siku ya pili akalia kwa njaa. Ndugu zangu, sijawahi kusikia wimbo mtamu kama kilio kile!

Nesi alimkataza Bi Time kumtia mtoto wanja machoni. Akaitika tu, "Haya, mwanangu." Hakunikumbusha neno langu hata moja.

Miaka mingi nimemwomba Mungu anionyeshe mkono wake. Ndugu zangu, niliuona! Ulikuwa na wanja vidoleni, nami nilishaufukuza mara mbili!

Neema ndiye huyu hapa, anasoma darasa la pili. Basi watoeni watoto wenu kwenye mwanga, mtazame macho yao. Na wewe unayengoja msaada leo, mtumaini Bwana. Akibisha hodi, mfungulie, hata kama amemtuma mtu usiyempenda.