Administrateur wa Pili

Nyuma yangu, ndani ya taxibus ya kwenda commune ya Kenya, hapa mujini, mama mumoja alikuwa anaonyesha telefone yake kijana asiyemujua. Kijana alisema anatengeneza maordinateur, basi mama hakungoja.

"Makaratasi ya depot yetu ya samaki tunaandikaka pamoja ku internet. Sasa imefunga. Code inaenda ku telefone ya bwana yangu, na ye iko Goma. Tangu vita iliingia kule, hapokeye. Na kamio yetu ya samaki iko mupakani, inangoja karatasi."

"Hakuna administrateur wa pili, muntu mwingine wa kufungua compte, mama?"

"Wa pili wa nini? Patron ni ye."

"Iko rahisi. Andikia kampuni yenye ile compte: administrateur haiko tena. Kesho wanakupa wewe nafasi yake."

"Haiko tena?"

"Ni kuweka alama hapa tu, mama."

Kijana aliongea kama muntu ambaye hajafiwa.

"Wakwe yangu ya Butembo bakisikia nimeweka ile alama, batalala matanga kwangu."

"Samaki itaoza."

"Ioze."

Taxibus ikasimama. Tulishuka wote, isipokuwa mama, ingawa Kenya ndiyo mwisho wa gari.