Neno Analoliacha Mwanaima Usingizini

Benchi letu liko Rusimbi, mbele ya kibanda changu cha kushona viatu, mahali ambapo upepo wa ziwa hufika umeshachoka, unanukia dagaa wa juani. Ulikuwa mwaka ule wa kufuta ujinga. Watu wazima walipelekwa kisomo, na hata wale wa benchini ambao hawajawahi kushika chaki walikuwa na lao la kusema juu ya herufi. Wa kila siku walikuwa wawili: Amuri, tuliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, na Telesphory, Muha wa Kidahwe, tuliyemwita Hakimu kwa kuwa alikata kesi zote za mtaa bila kuombwa. Alasiri ile akaja Kasongo mvuvi. Akapokea kahawa, akakaa nayo bila kunywa.

— Mke wangu nimemtoa kisomo, akasema.

— Kafanya nini Mwanaima? nikauliza.

— Anasoma usingizini. Mimi nikitoka ziwani nalala mchana. Yeye akishaanika dagaa anakuja kujinyoosha pembeni yangu. Akipitiwa tu na usingizi, anaanza. Ka. Anatulia. So. Halafu kimya. Nangoja amalizie, hamalizii. Siku ya ngapi sijui, sijalala.

— Ka-so, Hakimu akarudia, kama anayeonja chumvi. Hiyo ni kasoro.

— Kasoro ya nani?

— Humo chumbani mnalala wangapi?

Kasongo akainamia kikombe chake.

— Sisi hatujawahi kugombana kwa sauti, akasema polepole. Labda ndiyo maana. Yamemjaa.

— Usimtishe mwenzako, Redio akaingilia. Mimi naona ni vumbi la chaki. Akivuta pumzi darasani, herufi zinaingia kama dagaa wanavyofuata taa. Akilala, taa imezimwa, zinatafuta pa kutokea. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Mbona zinatoka mbili tu? Kasongo akauliza.

— Nyingine bado zimelala.

— Ego, Hakimu akakubali kwa Kiha chake, lakini silabi haikai yatima. Kasongo, kwenu asili ni ng'ambo. Huku mkeo akisoma ka-so, kule Kalemie kuna mwanamke mwingine kalala saa hiyohiyo, anamalizia. Neno moja limelaliwa na wawili, ziwa liko katikati. Utalisikiaje lote?

Hapo hata mimi niliacha sindano. Tulilitazama ziwa, jeupe kwa jua, na milima ya Kongo imeyeyukia ukunguni. Nadhani kila mmoja alikuwa anasikiliza.

Ndivyo Agnesi alivyotukuta. Alikuwa binti wa chuo cha ualimu, mwenye vumbi la chaki hadi kwenye kiwiko. Katika somo lao la kufundisha kusoma, kila mwanachuo alipewa mtu mzima mmoja wa kumtoa kwenye herufi ya kwanza hadi asome sentensi. Wake alikuwa Mwanaima.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwalimu.

— Baba Zuhura, jana na leo Mama Zuhura sijamwona. Keshokutwa mkufunzi anakuja kumsikiliza. Asipokuwapo, mimi nimefeli, narudia mwaka.

Kasongo akamweleza yote, ya ka, ya so, na ya kasoro, macho yake chini. Agnesi hakucheka. Alifikiri.

— Ro tumeshaisoma, akasema. Anaiandika vizuri kuliko wenzake. Ingekuwa kasoro, angeimaliza.

— Sasa kinachomkwamisha ni nini? Kasongo akauliza.

— Ni silabi ambayo hatujaifikia. Zile za herufi zilizoungana tunaziweka mwisho, ni ngumu. Nga, nge, ngi.

Akaishia hapo, akamtazama Kasongo. Redio alikuwa anachezesha midomo bila sauti.

— Ngo, akanong'ona.

Kasongo aliweka kikombe chini.

— Yeye haniiti hivyo, akasema. Tangu tumepata mtoto mimi ni Baba Zuhura. Na kabla ya hapo nilikuwa "wewe" tu.

— Siku ya kwanza niliwauliza wanatamani kusoma neno gani, Agnesi akasema. Wote walitaja yao. Yeye alifunika mdomo na kanga, akasema lake nitaliona likifika.

Agnesi akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu:

— Akisoma hivyo, uso wake unakuwaje?

Kasongo hakuwa amewahi kumtazama. Siku zote zile alikuwa amelala chali, anatazama makuti ya paa, anangoja sauti. Hakimu naye, mwenye hukumu ya kila kitu, akawa anakuna goti.

Ilikuwa saa ile wanawake wakishaanika hujinyoosha kidogo. Kasongo akainuka, hakuaga, akaelekea kwake, anakanyaga taratibu kama aliyekwisha kuingia chumbani.

Mwanaima alirudi kisomo kesho yake, na mkufunzi alipokuja alimkuta. Siku Kasongo alipopita tena benchini, Hakimu hakuvumilia, akamuuliza uso ulikuwaje.

Safari hii Kasongo alikunywa kahawa yake kwanza.

— Nilimgeukia, nikalala, akasema.