Benedikto na Ng'ombe Aliyemfuata Yeye Peke Yake

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, ndugu, majirani, na ninyi watani zetu ambao nawasikia huko nyuma mmeshaanza utani, mimi ni Innocent, mpwa wa marehemu, familia imenipa kazi hii ya kumwelezea.

Mjomba wetu Benedikto Kobelo alizaliwa hapa Kinole tarehe 14 Machi 1951, akamaliza darasa la saba mwaka 1967, akakata mkonge kule Mikese hadi mwaka 1975, kisha akarudi kulima ndizi na pilipili manga katika shamba la mama yake, na tarehe 9 Oktoba 1976 akafunga ndoa na Bi. Editha, huyu hapa mbele yetu, wakajaliwa watoto wawili, Josephina na Jastin.

Mwaka 2016 miguu ya Mama Josephina ilikufa ganzi kwa kisukari, na kwa kuwa bodaboda haipandi kwetu, mjomba akaamua kumfundisha ng'ombe wake wa maziwa, Sikitu, kubeba mtu, jambo ambalo milima hii haikuwa imeliona, na jamani, tulicheka mbavu hatuna. Yeye alianza kwa kumpapasa mgongo kila akimaliza kukamua, akamzoesha gunia tupu, baadaye gunia la pumba, mwisho mjukuu, huku mwenyewe akitangulia na kamba mkononi na chumvi katika mfuko wa koti, hata Pasaka ya mwaka 2018 Mama Josephina akashuka kanisani juu ya ng'ombe, kitenge kipya mwilini, na kicheko chetu kikaishia hapo.

Ila Sikitu alizoea kumfuata mjomba tu, na hapo ndipo tunapojuta. Mjomba alituita mara nyingi tuje tushike kamba tujifunze, tukamwambia tutakuja Krismasi, na Krismasi ikifika tunakula wali, tunarudi zetu mjini.

Tarehe 2 Juni 2025 asubuhi ugonjwa wa ngiri ulimbana mjomba, tukampandisha mgongoni kwa Sikitu, Jastin akatangulia na kamba, ng'ombe akagoma, akavutwa, akasukumwa, akapewa chumvi, akabaki anageuza shingo kumtazama bwana wake aliye juu, wala haendi. Aliyehangaika ili mwenzake abebwe, siku yake ilipofika hakubebeka, na hili linatuuma sana. Majirani, wakiongozwa na Mzee Salum, wakafunga machela wakamteremsha, lakini muda ulikuwa umekwenda, alipasuliwa mjini Morogoro jioni ile, na tarehe 4 Juni alfajiri akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana hadi mwisho, majirani mliombeba mabegani, na wenzake wa ushirika wa viungo, asanteni sana, Mungu awalipe.

Nina jambo moja limebaki. Jana jeneza lilipopandishwa kutoka barabarani, tukiwa tumetandika juu yake lile koti lake la chumvi, Sikitu alitoka bandani mwenyewe akalifuata hadi mlangoni. Kwa hiyo Mama Josephina, ambaye hawezi kutembea mpaka makaburini, leo atampanda Sikitu nyuma ya jeneza, nanyi vijana mtakaobeba tunawaomba mwende polepole, kama alivyokuwa akitangulia yeye.

Mjomba, mtangulie mkeo mara hii ya mwisho, kisha upumzike kwa amani.