Pointi za Yerusalemu na Jicho la Dada Felista

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Mimi ni Benedikti, yule mnayemtania "Mzee wa Yerusalemu". Nimesimama kuwaeleza kwa nini Yerusalemu sijaenda, na kwa nini namshukuru Mungu kwa hilo.

Mnajua kazi yangu. Nazunguka Ruangwa kukagua ufuta wa kampuni. Mafuta na nyumba za kulala wageni nalipia kwa kadi yangu ya mkopo ya benki, kampuni inanirudishia. Kila nikilipa, benki inanipa pointi. Nilizilinda miaka sita. Niseme ukweli, asubuhi nilikuwa naangalia pointi kabla sijafanya ishara ya msalaba.

Pointi zile zingeweza kukata tiketi ya ndege ya hapa nchini moja kwa moja. Au ningeweza kuzigeuza kuwa maili, yaani pointi za safari, za shirika kubwa la ndege linalofika Nchi Takatifu, na ukishageuza hazirudi. Mwaka jana, msimu wa kupuliza salfa, ile dawa ya unga inayowasha macho, kwenye mikorosho, ikaja ofa: atakayegeuza kabla ya Jumatano saa kumi jioni anaongezewa nusu. Kwa nyongeza ile, safari yangu ilikuwa imetimia.

Jumatano asubuhi nilikuwa kazini Chunyu, nimefungua simu, kidole juu ya neno "Geuza". Nikasita. Kwetu mtu haanzi safari kubwa kabla hajamuaga aliyemlea, na mimi nimelelewa na dada yangu Felista wa Marambo tangu mama afariki. Kumuaga kwa simu niliona ni utovu wa adabu. Nikawasha pikipiki, nikijiambia saa kumi bado mbali.

Nilimkuta barazani. Nikasimama mbele yake kimya, kwa utani. Macho yake mekundu yalitazama pembeni yangu.

"Nani huyo?"

"Shikamoo dada. Ni Bene, nimekuja kukuaga."

"Marahaba, mdogo wangu. Salfa ya mwaka huu imenikamata kweli."

Akanimiminia maji. Yalimwagika nje ya kikombe, naye akaendelea kumimina.

Ndugu zangu, wiki mbili nyuma alinipigia simu akilalamika macho na kichwa. Nilimjibu, "Ni salfa hiyo dada, nawa uso, itapita." Si ndivyo tunavyojibizana wote msimu ukifika?

Nikampakia kwenye pikipiki hadi hospitalini Nachingwea. Daktari akapima, akasema si salfa, ni presha ya macho. La kushoto limekwisha. La kulia lipasuliwe Dar kesho mchana, vinginevyo nalo linakwenda. Ilikuwa saa nane. Mabasi ya Dar yalishaondoka alfajiri, na ya kesho yangefika jioni. Ilibaki ndege ya asubuhi kutoka Mtwara, nami mfukoni sina kitu, mshahara umeishia kwenye salfa ya mikorosho yangu, na kadi imefika kikomo nikisubiri kampuni inirudishie.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Nilikaa kwenye benchi na simu mkononi, shetani ananihesabia saa. Saa tisa. Saa tisa na nusu. Nikawaza, labda daktari amezidisha. Labda basi litawahi. Labda mtu anaweza kuishi hivyo hivyo. Nilifika hapo, ndugu zangu, kumuuza dada yangu kwa safari ya kwenda kusali.

Dada alikuwa ameshika pindo la shati langu, kama mimi nilivyokuwa nikishika khanga yake tukienda shambani.

"Bene," akasema taratibu, "ulikuja kuniaga unakwenda wapi?"

Nikasema moyoni, Bwana nitoe humu. Nikakata tiketi mbili za Dar. Pointi zikashuka hadi zikabaki za kununulia sabuni. Saa kumi ilipita nikiwa nalia.

Paroko alitupatia gari hadi Mtwara. Kesho yake akapasuliwa. Bandeji ilipotolewa alinitazama, akasema, "Mbona umezeeka hivi, mdogo wangu?" Sijawahi kusemwa vibaya nikafurahi kiasi kile.

Yule pale, benchi la tatu. Leo mlangoni amenikemea kwamba nimekosea kufunga vifungo vya shati. Ameviona mwenyewe.

Ndugu yangu, kama kuna kitu umekilinda mpaka kimekuwa bwana wako, mkabidhi Bwana wa kweli, hatakuaibisha. Na kabla hujabonyeza, nenda ukamuage aliyekulea. Nenda kwa miguu yako, umtazame machoni.