Mama Ardis Pletcher, Mfungua Kona
(1940–2023)

Marehemu Ardis Marie Pletcher, wa ukoo wa Weldy, alizaliwa tarehe 3 Machi 1940 katika shamba la wazazi wake kusini mwa Wakarusa, jimbo la Indiana. Theluji ilikuwa imefunga barabara, daktari akachelewa, naye hakumngoja. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Orval Weldy, fundi wa hatamu na matandiko ya farasi, na mkewe Fern. Mdogo wake wa pekee, Lowell, alizaliwa mwaka 1945. Majirani walikuwa wakisema kwamba katika nyumba ile Mungu alimpa mmoja macho na mwingine mdomo. Lowell alikuja kuwa dalali wa mnada, mtu anayeweza kuuza baridi mwezi wa Januari. Ardis alikuja kuwa yule anayemwambia mnunuzi, “Hiyo ni baridi.”

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo Wakarusa, akamaliza mwaka 1958. Siku zile wasichana walifundishwa kushona na kupika, na karakana ya useremala ilikuwa ya wavulana. Marehemu hakulalamika. Alikwenda akasimama mlangoni pa karakana kila mapumziko, mpaka mwalimu, Bwana Ganger, akamuuliza anataka nini.

“Mlango wenu unakwaruza sakafu, mwalimu,” akasema. “Bawaba ya juu imelegea.”

“Na wewe utaitengeneza?”

“Kama wavulana wameshindwa.”

Aliutengeneza, na hakutolewa tena mle ndani hadi alipohitimu. Cheti chake kinaonyesha somo la ushonaji. Ushonaji alijifunza kwa baba yake, kwenye ngozi ya farasi, kwa msharasi, ile sindano nene yenye mpini ya kutobolea ngozi, ule ule aliourithi na kuutumia maisha yake yote.

Mwezi wa Juni 1958 aliajiriwa katika kiwanda cha Larkwell, mjini Elkhart, kilichokuwa kikitengeneza matrela ya safari, vile vijumba vya bati vinavyokokotwa nyuma ya gari, vyenye kitanda, jiko na meza ya kukunja. Aliwekwa kwenye mapazia. Miaka minne baadaye alihamishiwa kwenye fremu za mbao na kuta za plaiwudi, akabaki huko mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 1980. Wenzake wengi walihama. Yeye alifagia ghala la nyuma ya nyumba, akaanza kuyapokea matrela ya zamani yaliyokuwa yamegeuzwa mabanda ya kuku, na kuyarudishia uhai moja baada ya jingine.

Ndoa yake ilifungwa tarehe 14 Oktoba 1961, na haitafaa tuiruke habari ya uchumba. Delmar Pletcher alikuwa dereva wa kupeleka matrela mapya kwa wauzaji. Siku ya kuja kuposa alifika na gari jeusi lililong’aa. Marehemu alilizunguka lile gari kabla ya kumkaribisha mwenyewe.

“La nani?” akauliza.

“La kaka yangu.”

“Basi rudi na lako.”

Jumapili iliyofuata Delmar alikuja kwa miguu, suruali imejaa matope hadi magotini. Marehemu akamtazama akasema, “Haya matope ndiyo yako. Ingia, uji unapoa.” Waliishi pamoja miaka arobaini na tisa, na Mungu akawapa watoto wawili, Janelle na Rodney.

Kuanzia mwaka 1988, chama cha wenye matrela ya zamani kilimfanya mkaguzi wake. Kila Julai matrela yalikusanyika kwenye uwanja wa kambi kando ya ziwa, bati limesuguliwa hadi linakuonyesha meno yako, na wenyewe wamekaa mbele na birika la kahawa. Mkaguzi alipita akitamka daraja la kila moja: la asili, lililokarabatiwa, au lililojengwa upya. Kibao cha shaba cha “asili” ndicho kila mtu alikitamani.

Marehemu hakuanza na bati wala mapazia. Alipanda ndani, akapiga magoti, akanyanyua godoro la nyuma na kuuchomeka msharasi kwenye kona ya sakafu, pale maji ya miaka mingi yanapokimbilia. Mbao nzima huukataa msharasi. Mbao iliyooza huupokea kimya kimya. Kazi hiyo aliiita kufungua kona, na wapo waungwana katika kanisa hili waliowahi kuketi nje ya matrela yao wakisubiri kona ifunguliwe, huku wakiomba kwa bidii kuliko wanavyoomba humu.

Kosa alilolipiga vita ni lile la kuanza na rangi. Watu wananunua trela linalovuja, wanapaka silikoni juu ya nyufa, wanabandika plaiwudi mpya juu ya mbao zilizooza, kisha wanatundika mapazia. Maji yaliyomo hayana tena pa kutokea. Alikuwa akisema, “Huo ni ugonjwa uliovikwa suti.” Aliambiwa ni mgumu. Alikuwa mgumu. Sisi tuliomzunguka tulilala salama ndani ya ugumu huo.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilijadiliana kama paandikwe. Tumepaandika kwa ruhusa ya Lowell, ambaye ameketi mstari wa mbele, na aliyetuambia, “Mkiliruka hilo, Dada atafufuka.”

Tarehe 11 Aprili 1965, Jumapili ya Matawi, kimbunga kiliing’oa nyumba ya wazazi wao. Mzee Orval alinunua trela la Larkwell la mwaka 1956, na yeye, Mama Fern na Lowell wakaishi humo mpaka nyumba ilipojengwa tena. Baadaye likawa trela la safari za Michigan. Mama Fern alipofariki mwaka 1991, lilibaki kwa Lowell. Alilitengeneza mwenyewe kwa majira mawili ya baridi, na Julai 1998 akalileta ziwani. Alikuwa ameshawatangazia watu wote kwamba kila ubao uliomo uliguswa na mama yake.

Marehemu angeweza kumwachia mkaguzi mwingine. Aliulizwa hivyo, akajibu kwamba mkaguzi mwingine hakujua mahali sufuria ilipokuwa ikiwekwa. Akapanda, akanyanyua godoro, akachomeka. Msharasi ukazama hadi mpini.

“Dada,” Lowell akasema kwa sauti ya chini, “watu wanatazama.”

“Ndiyo. Wamekuja kutazama.”

“Mama alilala humu.”

“Alilala, na mvua ilimnyeshea. Sufuria ya kukingia matone ilikaa hapa hapa. Umebandika plaiwudi mpya juu ya uozo, Lowell, halafu unawaambia watu ni mikono ya Mama.”

“Umemchoma mama yetu msharasi mbele ya watu.”

“Nimechoma uongo. Mama hakuwa na undugu nao.”

Lowell alifunga trela lake kwenye gari akaondoka kabla ya chakula. Ndugu hao wawili hawakuzungumza tena kwa miaka kumi na minne, ingawa nyumba zao zilitenganishwa na shamba moja la mahindi. Delmar peke yake ndiye aliyeendelea kula kwa Lowell na mkewe Bonita kila Alhamisi. Alipoulizwa yuko upande wa nani, alisema, “Mimi niko upande wa tambi za Bonita.” Delmar alipozikwa Novemba 2010, Lowell alikuja, akakaa kiti cha mwisho, akatoka bila kumpa dada yake mkono. Marehemu aliona. Hakulia kwa ajili ya hilo mbele yetu, lakini jioni ile alikaa ghalani mpaka pai ya wageni ikaisha.

Wapo wanaosema ukweli ndio ulioigawa familia hii. Marehemu hakukubali. Alisema kilichowagawa ni plaiwudi.

Mwezi wa Agosti 2012, katika barabara ya Shipshewana, sehemu ya nyuma ya trela lile iliachia chesisi ikaburuta lami. Wajukuu wa Lowell walikuwa kwenye gari mbele, hawakuumia. Usiku uliotangulia walikuwa wamelala kwenye kitanda kile cha nyuma. Kesho yake Lowell alivuka shamba la mahindi kwa miguu, akasimama mlangoni pa ghala, kofia mkononi.

“Kona imefunguka yenyewe,” akasema.

“Niliifungua mimi. Wewe ukaifunika.”

“Unataka nisemeje, Dada?”

“Usiseme. Maneno unayo mengi mno. Lete trela.”

Walilivua bati lote, wakautoa kila ubao wa fremu na kuulaza juu ya ubao mpya ili uwe kielelezo cha kukatia. Mbao za zamani zilizokwisha kazi zilikwenda kwenye jiko la ghala na kuwapasha joto. Kazi ilikwenda polepole, kwa maana marehemu hakukubali trela la ndugu yake liruke foleni ya wateja.

“Tutakufa kabla halijaisha,” Lowell alilalamika.

“Tangulia wewe. Mimi nina kazi.”

Mwaka 2016 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson. Mikono ilianza kutetemeka, kisha miguu ikakataa ngazi. Alijifungia nyundo kwenye kifundo cha mkono kwa mkanda wa ngozi. Nyundo ilipomshinda, alikaa kwenye kiti akaelekeza, na Lowell, ambaye maisha yake yote alikuwa amelipwa kwa kusema, akajifunza kunyamaza na kukata mbao upya pale dada yake alipotikisa kichwa. Alikata upya mara nyingi. Kona ya nyuma peke yake aliikata mara tatu.

Kufikia majira ya kuchipua mwaka 2023 trela lilikuwa limekamilika, na madaktari walikuwa wametuambia tusitegemee Krismasi. Sote tulijua Lowell bado anakitaka kile kibao cha asili, na sote tulijua ni mkono wa nani pekee anaotaka ukitoe. Janelle alimsihi mama yake.

“Mama, Anko Lowell ana miaka sabini na minane. Mpe tu. Nani atadhurika?”

“Anakitaka kibao,” akauliza marehemu, “au anataka nidanganye mara moja kabla sijafa?”

“Anataka mpatane.”

“Tulipatana siku aliyoleta trela. Hilo la kibao ni jambo jingine, na ninyi acheni kuyachanganya.”

Tuliogopa. Tuliona ndugu wawili walioshinda miaka kumi wakitengeneza kitu, na neno moja tu likitosha kukivunja, na hapakuwa na muda wa miaka mingine kumi na minne.

Tarehe 15 Julai 2023 alisukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu hadi ziwani. Wanaume wawili walimpandisha ndani. Lowell alinyanyua godoro. Mkono wa marehemu ulitetemeka hata ncha ya msharasi ikawa inachora hewani, na Lowell akaufunika mkono ule kwa wake, akauongoza mpaka konani. Walisukuma pamoja. Ubao ulikataa. Wakasukuma tena, kwa nguvu zaidi, na ubao ukakataa.

“Ni nzima,” marehemu akasema.

Lowell akauliza, sauti yake ndogo kuliko tulivyoizoea, “Basi ni la asili?”

“Hapana. Mbao za Mama zilioza, tukaota moto wake. Hizi ni zako. Limejengwa upya.”

Janelle alikuwa tayari amefumba macho. Lowell akaurudisha mkono wa dada yake mapajani pake, akashuka mlangoni na kuwakabili watu wote, na kwa ile sauti iliyouza ng’ombe na mashamba ya nusu ya wilaya hii, akatangaza:

“Mabibi na mabwana, trela hili si la asili. Lilioza, nikalificha, dada yangu akaliona. Limejengwa upya. Kona ya nyuma iko wazi. Asiyeamini na apande, apige magoti.”

Watu walipanga foleni. Marehemu alikaa mle ndani na kumwonyesha kila mmoja mahali pa kutazama, na hatukumbuki kumwona amechangamka vile tangu Delmar afariki.

Baada ya siku ile nguvu zilimwishia. Mwezi wa Oktoba alipata homa ya mapafu na akakataa kutolewa nyumbani kupelekwa hospitali. Alifariki asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 2023, Janelle na Rodney wakiwa kando yake, na Lowell akimsomea Zaburi. Alimsahihisha mara mbili.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake na mumewe Delmar. Ameacha binti, Janelle, na mumewe Duane Hartzler, wa Goshen. Mwana, Rodney, na mkewe Suzanne, wa Nappanee. Wajukuu watano na vitukuu wawili. Na mdogo wake Lowell Weldy na mkewe Bonita, wa Wakarusa. Ameacha pia matrela mengi barabarani, ambayo hatukuwahi kuyahesabu, na watoto wa watu wengine wamelala ndani yake pakavu.

Alichoka kwa haki. Bwana ampe pumziko, na amani iwe juu yake.